Wanyama wa Lamboni, Kwaresima Hii

Newala, wiki ya tano ya Kwaresima

Dada Nakijwa, shikamoo.

Kabla hujauliza: mimi mzima, nakula, nalala, na meno yangu yote yapo. Sasa nijibu na wewe. Mgongo unaendeleaje? Shemeji ameacha kile kikohozi cha asubuhi? Na Mama, bado anapanda shambani kwa miguu yake au mmefanikiwa kumkalisha chini? Barua yako ya Krismasi nimeipata mwezi huu, imelowa kona moja, nadhani Rufiji ilivuka kwa kuogelea. Njia imekatika tena na mabasi yamesimama. Ndiyo maana sikuja likizo. Mwambie Mama asiwaambie watu nimewasahau. Sijawasahau, nimekwama.

Hii barua msomee polepole kama kawaida, ila pale nitakapokuandikia uruke, uruke kweli. Nakujua wewe, kitu kikikufika mdomoni hakirudi.

Nina jambo zito kidogo, Dada. Nimewaharibia watu maji yao ya kunywa. Usishtuke, sikutia sumu. Niliwaonyesha tu kilichomo ndani. Na kwa ajili ya kiherehere changu hicho, rafiki yangu Mama Somoe, mjamzito wa miezi minane, nusura apoteze mtoto. Tangu hapo kazi yangu imekuwa moja, kuwarudisha wanawake kwenye maji yao kabla hajaanguka mwingine.

Nianze mwanzo maana najua umeshaanza kukunja uso.

Mwezi wa kwanza tuliitwa Masasi kwenye semina ya walimu wa sayansi. Masasi siku hizi huijui. Kila kitu ruksa. Pale sokoni, chini ya yale majabali yao, sabuni za kila rangi, redio, betri, na mitumba marobota kwa marobota. Mimi nilikwenda kutafuta viatu. Natia mkono kwenye rundo la soksi na vikaptula vya watoto, naibuka na boksi limechanika, ndani yake kuna hadubini. Ile mashine ya kukuzia vitu vidogo, unaikumbuka nilikusimulia, chuoni darasa zima tulikuwa na moja na tunaitazama kwa foleni. Hii ni ndogo, ya plastiki, ya kuchezea watoto wa Kizungu, lakini lenzi zake tatu zote nzima na kioo chake cha kudakia jua hakina hata ufa.

Muuzaji akaniambia, "Hiyo ya mafundi saa, Mwalimu. Wanaitafuta sana."

"Kama wanaitafuta sana, mbona iko chini ya soksi?"

Akacheka, tukaelewana. Viatu sikununua. Hapo ruka, Mama atasema nimerukwa na akili.

Sasa wewe unayeamka na kukuta mfereji unapita mlangoni, huwezi kujua maji ya huku. Kijiji chetu kiko juu kabisa, uwanda mtupu, udongo unakunywa mvua yote wala hausemi ahsante. Mto uko chini bondeni, na kuteremka ule ukingo na kupanda tena na ndoo kichwani ni kazi ya nusu siku. Kwa hiyo kuna lambo, shimo kubwa la mvua lililochimbwa zamani nyuma ya kanisa. Masika likijaa, kijiji kizima kinakunywa humo. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Wenye bati wanakinga, na tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori kufuata korosho bati zimeongezeka kweli, lakini nyumba nyingi bado za nyasi, na maji ya kwenye nyasi hayanyweki.

Basi niliporudi kutoka Masasi nikachota kikombe pale lamboni, nikadondosha tone kwenye kipande cha kioo cha dirisha, nikatazama.

Dada! Sijui nikuambieje. Nilipiga ukelele peke yangu uani mpaka kuku wakakimbia. Mle ndani kuna mji. Kuna vidude vyembamba vyenye umbo la kandambili vinapita mbio utadhani vimechelewa kazini. Kuna wengine wana kama magurudumu mawili kichwani, yanazunguka, yanazunguka, na chakula kinaingia chenyewe mdomoni. Kuna mmoja ana jicho moja tu, jekundu, katikati ya paji la uso, na anatembea kwa kurukaruka. Na kuna viroboto wa maji. Hao hata kwa macho unawaona kama nukta nyeupe, lakini chini ya lenzi mwili wao ni kama kioo, unaona tumbo, unaona utumbo, unaona moyo unavyodunda. Moyo, Dada! Nimefundisha viumbe hai miaka yote hii kwa kuchora ubaoni, na chaki yenyewe nakata vipande vitatu. Sijawahi kuona moyo wa kitu ukidunda mbele yangu. Nilikaa pale mpaka ugali ukaungua.

Wiki nne hivi nikawa natazama peke yangu kila nikitoka shule. Nimejaza daftari zima michoro. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nihamie huku, nakuambia kweli. Lakini wewe unanijua, mimi siwezi kuwa na kitu kizuri nikanyamaza.

Jumapili ya pili ya Kwaresima, watu wametoka kanisani, nikaitoa hadubini nikaiweka juu ya kinu pale uani kwangu, nikaita majirani. Wa kwanza kuja alikuwa Bibi Perpetua. Huyu nilikuandikia habari zake, jirani yangu, mkubwa wa akina mama wa kanisani, bibi ambaye hata padri akichelewesha ibada anamwonyesha saa. Sisi Walutheri Kwaresima tunaimba nyimbo za huzuni na kula kama kawaida. Hawa Waanglikana wa huku wanafunga kweli kweli. Bibi Perpetua tangu Jumatano ya Majivu hali nyama, hali kuku, hata dagaa kaweka kando.

Akainama. Akafumba jicho moja.

"Hawa nini, Mwalimu?"

"Wanyama wadogo wa majini, Bibi. Haya ni maji ya lamboni."

"Lamboni hapa? Haya tunayokunywa?"

"Hayo hayo."

"Hiki kinachopwita hapa katikati?"

Na mimi kwa kujisikia, kifua mbele, nikasema, "Huo moyo wake, Bibi."

Akainuka polepole. Akajifunga upya khanga yake. Akasema, "Kitu kina moyo, kina utumbo. Basi ni nyama. Nimekula nyama tangu Jumatano ya Majivu, asubuhi, mchana na jioni."

Mimi nikacheka, Dada. Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alikwenda kwake akamwaga mtungi mzima mlangoni, watu wote wanaona.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimegongana, kwa hiyo nusu ya kijiji wamefunga hivi na nusu wamefunga vile. Kabla jua halijatua habari zilishafika upande wa pili. Huko swali likawa jingine, kwamba wanyama hao hawakuchinjwa, je, futari iliyopikwa kwa maji hayo inakuwaje? Padri akaulizwa, akasema kitu usichokiona kwa jicho hakivunji mfungo. Shehe akaulizwa, akajibu vivyo hivyo, karibu neno kwa neno. Nikasema afadhali, yameisha.

Kumbe wapi! Bibi Perpetua akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni: "Padri hajaona. Sisi tumeona. Sasa anataka tusione tena?"

Ukimjibu hilo, Dada, mimi nakupa cheti changu cha ualimu.

Jumatatu asubuhi hapakuwa na mtu lamboni. Wanawake wote, wa kanisani na wa msikitini, walijipanga na ndoo zao wakateremka bondeni. Maji yanayokwenda ni safi, ndivyo walivyosema, mnyama hawezi kukaa kwenye maji yanayokwenda. Hapa sasa nakuambia siri. Nilichota maji ya mtoni kwenye chupa nikayatazama nimejifungia ndani, karibu na dirisha. Wapo. Wachache, lakini wapo. Nikayamwaga, nikanyamaza. Ningesema nini? Wakimbie na mto pia, wanywe nini? Nilikuwa nafundisha shuleni asubuhi tena uchunguzi wa kisayansi, na sauti yangu mwenyewe naisikia inanisuta.

Mvua ilikuwa haikatiki. Ile njia ya ukingoni ikawa utelezi mtupu. Na Mama Somoe naye akawa anateremka.

Mama Somoe ndiye mtu wa kwanza kunipikia nilipofika huku sijui mtu. Alinifundisha kupika kisamvu cha karanga kama wanavyokipika wao, na akanicheka nilipokiunguza. Ana mtoto mmoja, Somoe mwenyewe, na baada ya Somoe mimba mbili zimeharibika. Hii ya sasa alikuwa anaihesabu wiki kwa wiki. Nilimfuata nikamwambia, "Mama Somoe, acha kwenda bondeni, nitakuchotea mimi lamboni." Akaniambia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Mwalimu, wewe ndiye uliyesema mna wadudu wenye mioyo. Nikiwanywa mimi, anawanywa na huyu. Wale wawili waliotoka, najuaje si hao wadudu waliowatoa?"

Yeye mwenyewe hata hakuwahi kutazama kwenye hadubini, alikuwa amesikia tu, na kusikia ndiko kubaya zaidi.

Alhamisi akaanguka. Hapa ukifika ruka, Mama asisikie. Alikuwa anapanda na ndoo, mguu ukateleza, akaporomoka mpaka kwenye kichaka. Wanawake wakamleta kwa machela ya khanga. Alikuwa na maumivu ya kiuno na tumbo limekaza kama jiwe. Mganga wa zahanati akasema mtoto bado anacheza, lakini asiinuke kitandani, na akianza kuona damu aletwe mbio. Nilikwenda nikakaa nje ya nyumba yake na sikuthubutu kuingia. Nililia, Dada, nakuambia wewe tu. Sijawahi kujichukia kiasi kile. Mtoto wa mtu anataka kufa kwa sababu mwalimu mmoja kutoka Upareni alitaka kuonekana anajua mambo.

Siku ya pili nikaosha uso nikaenda kwa Bibi Perpetua. Nikamwambia, "Bibi, kosa langu. Lakini dawa ipo. Tunayachemsha, wanakufa wote." Akasema haya, chemsha nione. Nikawasha moto palepale kwake, sufuria ikatokota mpaka mfuniko ukaruka. Yakapoa. Akaniambia, "Lete dude lako."

Akatazama. Akanigeukia.

"Wamekufa."

"Wamekufa wote, Bibi."

"Wako wapi?"

"Si hao hapo, wamelala."

"Basi hujawatoa. Umewapika. Kwanza nilikuwa nakunywa nyama mbichi, sasa umenitengenezea mchuzi!"

Jamani! Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilipoinua uso namwona naye anatetemeka mabega, amejiziba mdomo kwa khanga, maana kucheka namna ile Kwaresima ni kuvunja heshima. Tulicheka wote wawili kama wehu, mara akakoma ghafla akaniuliza:

"Mwalimu, kwenu hamchuji vitu?"

Sikuelewa. Akaingia ndani akatoka na kaniki kuukuu, imefuliwa mpaka imekuwa laini. Akashusha sauti. Zamani, kabla hajawa mkubwa wa akina mama, alikuwa akiuza uraka, ile pombe yao ya mabibo, na uraka wa Bibi Perpetua ulikuwa ukisifika mpaka Masasi kwa kutokuwa na hata kapi moja ndani ya kikombe. "Ukiikunja mara nne, hata usiku haupiti," akaniambia. "Lakini hilo la pombe libaki hapa." Ndiyo maana nakuandikia wewe, uko mbali.

Tukaikunja kaniki mara nne, tukafunga juu ya mdomo wa mtungi, tukamimina ya lamboni. Akatazama tone la chini. Akabadilisha tone. Akabadilisha tena, matone saba, huyo bibi ni mkaguzi kuliko wakaguzi wetu. Hamna kiroboto, hamna wa jicho moja. Ndipo tukachemsha.

Nikuungamie na hili: sikumwekea lenzi kubwa. Kwa lenzi kubwa wale wenye umbo la kandambili bado wangeonekana, wao ni wadogo, kaniki haiwazuii. Lakini moto unawamaliza, na moyo hawana, na mimi nikaona ya leo yanatosha. Mungu anisamehe, na ikibidi baada ya Pasaka nitamwonyesha.

Bibi akatangaza mwenyewe Jumapili, nje ya kanisa, kwa sauti yake ile: chuja kwanza, chemsha baadaye, anayechemsha kabla ya kuchuja anakula mchuzi. Nusu ya wanawake wakarudi lamboni siku hiyohiyo. Wa upande wa msikiti wakasita, wakasema wanamsubiri Mama Somoe, yeye ndiye aliyeumia, akinywa yeye na wao watakunywa. Na mumewe bado alikuwa anakwenda bondeni kila siku alfajiri, amefunga, anarudi hoi.

Kwa hiyo nikabeba hadubini na kikombe cha maji ya lamboni nikaenda. Safari hii niliingia. Alikuwa amelala kwa ubavu karibu na mlango, jua la asubuhi linamfikia miguuni. Nikamwambia, "Sikukuletea maji unywe. Nimekuletea utazame. Uliambiwa na watu, mimi nataka uone mwenyewe, halafu uniambie lolote, hata ukitaka nihame."

Alinitazama sana. Kisha akajiinua kwa kiwiko. Nikalidaka jua kwa kile kioo, nikamtafutia kiroboto mmoja mkubwa aliyetulia.

Akatazama. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo.

"Mwalimu."

"Naam."

"Huyu ana vitu mgongoni. Vidogo. Vina macho."

"Watoto wake hao. Anawabeba humo mpaka wakomae, halafu anawaachia."

"Ana mimba huyu?"

"Ana mimba."

Hakuondoa jicho. Nilimsikia anahesabu kwa sauti ndogo, mmoja, wawili, watatu, wanne. Akasema, "Na huo juu yao ni moyo wake."

"Ndiyo."

"Unakwenda mbio. Anaogopa?"

Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui, vitabu havisemi. Akaniambia kwa haraka, kama mtu aliyeona chungu kinataka kufurika, "Mtoe hapo juani, atakauka. Mrudishe lamboni. Nenda sasa hivi, Mwalimu, usisimame na watu njiani."

Nikaenda, Dada. Mwalimu mzima, na kipande cha kioo mkononi, natembea kwa hatua za bibi harusi kupita katikati ya kijiji, nikamwachia kwenye maji. Niliporudi kumwambia amefika, alikuwa amelala usingizi.

Tangu siku hiyo kuna desturi mpya hapa, hakuna aliyeitangaza, imeanza tu. Wanawake wanachujia palepale lamboni, na wakimaliza wanaigeuza kaniki na kuisuuza ndani ya lambo, wanyama warudi kwao. Anayekung'utia mchangani anasemwa. Lakini Mama Somoe mwenyewe alikuwa bado hajanywa. Alisema wale haogopi tena, ila koo lake linakataa, tumpe muda. Hatukumlazimisha.

Niliiacha barua hapa Ijumaa, nikisubiri mtu wa kuipeleka posta. Leo Jumatano naendelea.

Nipokee hongera zako kwa niaba yake. Mama Somoe amejifungua jana zahanati, mtoto wa kike, mzima, ana nywele mpaka shingoni na sauti ya kuuzia samaki. Niliitwa darasani, nikaacha ubao vilevile nikakimbia. Nilimkuta amechoka, midomo imekauka. Mumewe alikuwa amesimama na chupa ya maji ya bondeni, ameifuata tangu alfajiri. Mama Somoe akamshukuru, akaisogeza pembeni. Akaniambia mimi, "Nataka maji ya nyumbani."

Bibi Perpetua alikuwa nayo tayari kwenye kijagi, ya lamboni, amechuja mwenyewe na kuchemsha mwenyewe, hakumwamini mtu. Tukamwinua. Dada, alikunywa kikombe kizima bila kupumua, akarudisha kikombe mbele, akasema, "Ongeza."

Nisalimie Mama na umwambie mwanawe anafundisha bado na hajakonda. Nisalimie shemeji, mpenda siasa wa mezani. Nisalimie baba mdogo anayefungulia watu maji ya ndiva, lile bwawa letu la mifereji, mwambie siku moja nitakuja nimwonyeshe anawafungulia nini, ila nitakuja na kaniki kwanza. Mabusu kwa wanao wote watatu, na yule wa mwisho umwambie mama mdogo wa Newala ana picha nyingi za kumchorea.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Namsifu